Ndege Mpya Haianzi Kazi Siku Inapofika



Muhula uliopita sisi wa madarasa ya juu tulifanya mjadala juu ya jambo hili: "Yafaa Uganda iondoe mara moja ndege zake ndogo za jeti na kununua kubwa zaidi." Waliokubali walishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, na nakiri kwamba tulishindwa kwa haki, maana sikuwa na la kusema ila kwamba ndege ni ghali, na jambo hilo kila mtu alilijua. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza. Leo sitaki kufufua mjadala uliokwisha; nataka kueleza tu jinsi kampani ya ndege inavyoingiza ndege mpya na kuondoa ya zamani. Atakayesoma mpaka mwisho ataamua mwenyewe.

Nitasema hasa juu ya ndege za jeti zilizo nyembamba, yaani zile zenye njia moja tu ya kupita kati ya viti. Zile pana, zenye njia mbili, huenda mbali, kama London na Dubai. Hizi za njia moja ndizo punda wa kazi: asubuhi Nairobi, mchana Juba, jioni Dar es Salaam. Kampani nyingi za Afrika huishi au hufa kwa ndege za namna hii.

Kwanza tujiulize, ndege huzeeka lini? Mjomba wangu ana teksi ya viti 14 inayokwenda kati ya Busiu na Mbale. Nilimwuliza swali hilo juu ya gari lake. Akanijibu, "Gari halizeeki kwa miaka, mpwa wangu. Gari limezeeka siku linapokula zaidi ya linacholeta." Basi, ndege nayo ni vivyo hivyo, ila hesabu yake ni ndefu zaidi.

Mafundi hawahesabu miaka ya ndege peke yake. Huhesabu pia saa ilizoruka na mara ilizotua. Sababu yake ni hii: juu sana hewa ni nyepesi, na mtu hawezi kupumua vizuri, kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani ya ndege, na mwili wake hutanuka kidogo kama mpira. Ikishuka, hunywea tena. Ukikunja na kukunjua waya mara nyingi, mwisho utakatika. Na bati la ndege nalo huchoka. Jambo hili dunia ililijua kwa msiba. Mwaka wa 1954 ndege mbili za aina ya Comet, jeti ya kwanza ya abiria duniani, zilipasuka angani karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakafa. Waingereza wakatia Comet nyingine ndani ya hodhi kubwa, wakaijaza maji na kuyapunguza, tena na tena, mpaka wakaona ufa ulipoanzia. Tangu hapo ndege hupimwa kwa uangalifu sana. Kila baada ya miaka kadhaa hufunguliwa karibu yote, ikakaguliwa mbavu kwa mbavu. Ukaguzi huo hula fedha nyingi, na mara nyingi ndipo wenye kampani huulizana, "Je, tuitengeneze hii, au tutafute nyingine?"

Jambo la pili ni mafuta. Injini za jeti za zamani zilikuwa nyembamba: zilisukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa mno. Injini za sasa zina pangaboi pana mbele, nazo husukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo zaidi. Mwenye kupuliza moto kwa kinywa huchoka upesi. Mwenye kupepea kwa ungo hupeleka upepo mwingi bila kutweta. Kampani ya Airbus ilipotangaza ndege yake ya A320neo mwaka wa 2010, ilisema kwamba itatumia mafuta pungufu kwa asilimia 15 hivi. Kwa ndege inayoruka mara tano au sita kwa siku, hiyo si fedha ya kuchezea.

Hapa kwetu mambo haya si mapya. Zamani nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na Zanzibar, zilikuwa na kampani moja, East African Airways, iliyoanza kuruka mwaka wa 1946 kwa ndege ndogo za pangaboi. Mwaka wa 1960 ikapata Comet 4, aina iliyoimarishwa baada ya ile misiba niliyoitaja. Mwaka wa 1966 zikaja Super VC10, zikachukua safari ndefu za Ulaya. Hata hivyo Comet hazikutupwa siku ile. Ziliendelea na kazi nyingine mpaka DC-9 zilipoingia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. DC-9 ilikuwa na injini mbili, na Comet ilikuwa nazo nne; hata mtoto wa darasa la pili aweza kukadiria tofauti ya gharama. Comet zetu zikauzwa kwa Dan-Air ya Uingereza, kampani iliyopeleka watu likizoni. Kwa hiyo ya zamani haiondoki siku mpya inapotua. Hupisha polepole, kama mzee anayemkabidhi mwanawe shamba hali bado anamwonyesha mipaka.

Sasa tutazame kuingiza kwenyewe. Watu huona picha gazetini: ndege inatua, wakubwa wamejipanga, ngoma zinalia, magari ya zimamoto yanairushia maji. Wengi hudhani kwamba kesho yake itabeba abiria. Sivyo. Ndege mbili za kwanza za Uganda Airlines ya sasa, aina ya CRJ900, zilifika Entebbe tarehe 23 Aprili 2019. Safari ya kwanza yenye abiria wa kulipa, ya kwenda Nairobi, ilikuwa tarehe 28 Agosti 2019. Ni miezi minne. Katika muda huo kampani ilikuwa ikitafuta cheti cha kuendesha ndege, kazi yenye hatua tano: kuonana na wakaguzi, kupeleka maombi, kusomwa kwa vitabu vyote vya kazi, kuonyesha kwa vitendo, na mwisho kupewa cheti. Katika hatua ya nne ndege huruka bila abiria wa kulipa, wakaguzi wakiwamo, na watumishi huonyesha jinsi watakavyowatoa watu upesi ikiwa kuna hatari.

Tena kuna marubani. Rubani wa ndege kubwa haruhusiwi kuingia katika aina yoyote apendayo, kama dereva atokaye katika lori moja na kuingia katika lingine. Kila aina ina masomo yake. Kwanza darasani; kisha katika chumba kinachotikisika na kuinama kama ndege, ambapo hufundishwa moto wa injini na mabaya mengine bila kuumiza mtu; kisha huruka na abiria, mwalimu akiwa kando yake. Ndege moja inayofanya kazi tangu alfajiri hadi usiku yahitaji marubani kumi au zaidi, maana nao hulala, huugua na kwenda likizo. Na wakati wanaposomea ndege mpya, ni nani anayerusha ile ya zamani? Hapo ndipo kampani ndogo hubanwa sana.

Mafundi nao lazima wasome upya. Ghala lazima liwe na magurudumu, breki na vipuri vya aina ile. Ikiwa kampani ina aina mbili za ndege, ina maghala mawili na makundi mawili ya mafundi. Ndiyo maana kampani nyingi hupenda kununua ndege mpya iliyo ndugu wa ile ya zamani, ili watu wake wasijifunze mengi.

Lakini tamaa hiyo ya kupunguza masomo yaweza kuua. Baada ya A320neo kutangazwa, kampani ya Boeing ya Marekani haikutaka kuachwa nyuma. Mwaka wa 2011 ikatangaza 737 MAX. Ilichukua ndege ya ukoo wa zamani, ikaitia injini pana na kuzisogeza mbele ya bawa. Kwa sababu hiyo, katika hali fulani pua ya ndege ingeweza kuinuka kupita kiasi. Basi ikawekwa kompyuta ya kuisukuma pua chini, nayo ilisikiliza kipimo kimoja tu. Wanunuzi waliambiwa kwamba rubani aliyezoea 737 ya zamani hana haja ya masomo ya kile chumba kinachotikisika, na marubani hawakuelezwa habari za kompyuta hiyo. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege moja ilianguka baharini huko Indonesia, wakafa watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine, ya Ethiopian Airlines, ilianguka dakika sita tu baada ya kuondoka Addis Ababa. Ilikuwa ikielekea Nairobi. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Katika ndege zote mbili kipimo kilisema uongo, na kompyuta ikakiamini. Dunia nzima ikazizuia ndege hizo kuruka, na Wamarekani hawakuziruhusu tena mpaka Novemba 2020, baada ya kutengenezwa, na marubani wakalazimishwa kusoma yale waliyonyimwa mwanzo.

Nimeyaandika haya kirefu kwa kuwa ndugu zetu wa jirani walikuwa safarini kurudi nyumbani. Mtu akisema masomo ya marubani ni gharama ya kupunguzwa, mkumbusheni safari hiyo.

Hata pasipo msiba, ndege mpya huja na maradhi ya utoto. Air Tanzania ilipokea Airbus A220-300 yake ya kwanza Desemba 2018, kampani ya kwanza Afrika kuwa na aina hiyo. Ni ndege nzuri yenye viti 132, tena haili mafuta mengi. Lakini injini zake zilisumbua, si Tanzania tu bali na katika nchi nyingine, na mwishoni mwa 2022 baadhi ya ndege hizo zikasimamishwa kungojea injini. Kosa halikuwa la mnunuzi. Walakini hasara ilikuwa yake. Mwenye ndege mia moja zikisimama tatu, abiria hawajui. Mwenye nne zikisimama mbili, safari zimevurugika.

Hayo yanatuleta kwetu. Uganda ina CRJ900 nne, kila moja viti 76. Mwaka wa 2020 kazi ya aina hiyo iliuzwa kwa Mitsubishi ya Japani, na mapema mwaka wa 2021 ndege ya mwisho ikakabidhiwa kwa mwenyewe. Hazitengenezwi tena. Vipuri bado vyapatikana, lakini siku zote vya kitu kisichotengenezwa huzidi kuadimika. Kwa hiyo wenzangu walioshinda mjadala walikuwa na ukweli: siku ya kubadili itakuja.

Palipo na kosa ni katika neno "mara moja", na katika neno "kubwa". Chukua safari yenye abiria 60. Katika ndege ya viti 76 wamejaza karibu asilimia 80. Katika ndege ya viti 180 wamejaza theluthi moja tu, na mafuta ya viti vitupu hulipwa na nani? Na kampani hii ni mali ya serikali, yaani upungufu wake hutoka katika kodi ya watu, hata ya mkulima wa kahawa wa Bugisu ambaye hajawahi kukanyaga Entebbe. Njia mojawapo ya kujaribu ni kukodi kwanza. Mwaka wa 2024 Uganda Airlines ilikodi Airbus A320 kutoka Afrika Kusini pamoja na marubani wake. Kukodi hivyo ni ghali, lakini hukuonyesha kama abiria wako kweli, kabla hujajifunga deni la miaka mingi.

Mjomba wangu alijifunza hilo bila kusoma kitabu. Miaka michache iliyopita aliuza teksi yake akanunua basi dogo la viti 29. Kila asubuhi lilikaa stejini likingoja kujaa, na abiria wakachoka wakapanda za wengine. Baada ya mwaka mmoja akaliuza kwa hasara, akarudia viti 14, na ada yangu ya muhula ule ikachelewa. Nilirudishwa nyumbani wiki mbili. Kwa hiyo nikisema kwamba ukubwa wa chombo ni jambo la kufikiriwa, sisemi kwa kusoma tu.

Kama mjadala ungerudiwa leo, ningesema hivi: Tubadili, lakini tuanze na watu kabla ya ndege. Soroti si mbali na hapa, nako kuna chuo cha urubani na ufundi wa ndege kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki yote. Wapelekwe vijana wasome sasa. Zihesabiwe safari na abiria. Ghala lijazwe. Za zamani ziruke mpaka mpya zizoeleke. Halafu ngoma zipigwe.

Mimi nimekwisha kuomba fomu za Soroti, upande wa ufundi. Nikikubaliwa, huenda siku moja nitakuwa miongoni mwa wale wanaofungua ndege ya zamani mbavu kwa mbavu na kusema, "Hii imetosha," au, "Hii bado."

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita