Yesu ni Nani kwa Anayemfuata? Sehemu ya Pili: Jibu la Petro na Majibu Yetu

Katika sehemu ya kwanza tuliwatazama watu wa Galilaya wakiulizana kwa hofu: ni nani huyu anayeamuru pepo wakatoka, akakemea upepo ukatulia? Leo tunafika sura ya 8 ya Injili ya Marko, ambapo Yesu mwenyewe analiuliza swali hilo. Tutalifuata pia mpaka huku kwetu, kutoka Piana-Mwanga kwenye mto Luvua hadi mwambao wa ziwa Tanganyika, kwa sababu huku nako limejibiwa kwa namna nyingi, na mengine ya majibu hayo yamemwaga damu.

Tuanze na mahali penyewe. Yesu aliwauliza wanafunzi wakiwa njiani kwenda vijiji vya Kaisaria Filipi, kaskazini kabisa, penye chemchemi za mto Yordani. Herode Mkuu alikuwa amejenga huko hekalu la kumtukuza Kaisari Augusto, na mwanawe Filipo akaukuza mji na kuupa jina la Kaisari. Kando ya maji palikuwa na pango ambamo watu walimtolea sadaka Pan, mungu wa wachungaji wa Wayunani. Wavuvi wa Galilaya waliulizwa swali lao karibu na nguvu mbili zilizodai magoti ya watu: nguvu ya dola na nguvu ya mizimu ya mahali. Sisi wa nchi hii hatuhitaji mtu wa kutueleza hali hiyo.

Kwanza walileta habari za wengine: wako wanaosema ni Yohana Mbatizaji, wengine Eliya, wengine mmoja wa manabii. Ndipo Petro akasema kwamba yeye ni Kristo. Jibu ni sahihi. Lakini Yesu hakuwatuma wakalitangaze. Aliwakataza wasimwambie mtu. Akaanza kuwafundisha kwamba itampasa ateswe, akataliwe na wakubwa wa dini, auawe, na siku ya tatu afufuke. Petro akamvuta kando, akamkemea. Naye Yesu akamgeukia mbele ya wenzake na kumwita Shetani. Muda mfupi tu baada ya kujibu sawasawa, Petro alionekana hajaelewa kitu.

Marko alikwisha kutuandaa kwa jambo hili. Tangu sura ya kwanza, pepo wachafu wanapiga kelele kwamba wanamjua Yesu kuwa Mtakatifu wa Mungu, na katika sura ya 3 wanamwita Mwana wa Mungu. Kwa habari ya cheo, pepo walitangulia mitume wote. Nao pia walinyamazishwa. Watu wa Piana-Mwanga wanaweza kulipima jambo hili kwa lililo machoni pao. Bwawa la umeme lililojengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono lilijulikana kwa jina hata Ulaya, lakini vita na uchakavu viliizima mitambo, na mtoto anaweza kukua akilitaja jina la bwawa kila siku huku akisoma masomo yake kwa kibatari. Kulitaja jina la Yesu kwa usahihi, na kuishi kwa nguvu yake, navyo vinaweza kuachana hivyohivyo.

Sisemi haya ili kuyadharau majibu sahihi. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, ambao ulitimiza miaka 1700 mwaka 2025, ulipigania kwa haki ukweli kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, na ule wa Kalkedoni wa mwaka 451 ukakiri kwamba yeye huyo mmoja ni Mungu kweli na mtu kweli. Bila hayo tungebaki na nabii mmoja zaidi katika orodha ya watu wa Kaisaria. Ninachosema ni kwamba Marko anatuonyesha njia ambayo kwayo maneno hayo huingia mwilini mwa mwanafunzi. Ni njia ndefu, na inapita msalabani.

Tazama mpangilio wake. Kabla tu ya swali, huko Bethsaida, Yesu anamponya kipofu kwa hatua mbili. Baada ya kuguswa mara ya kwanza, mtu yule anaona watu kama miti inayotembea. Anaguswa tena ndipo anaona wazi. Huyo ndiye Petro: ameanza kuona, lakini bado ana ukungu. Kisha, kutoka sura ya 8 hadi ya 10, Yesu anawatangazia wanafunzi mateso yake mara tatu, na mara zote tatu wanaonyesha kwamba hawajaelewa. Baada ya mara ya kwanza Petro anakemea. Baada ya ya pili wanabishana nani mkubwa. Baada ya ya tatu Yakobo na Yohana wanaomba viti vya kulia na kushoto kwake katika utukufu. Safari inaishia Yeriko kwa kipofu mwingine, Bartimayo, ambaye anaponywa na papo hapo anamfuata Yesu njiani, njia hiyohiyo iendayo Yerusalemu. Na mwanadamu wa kwanza katika Injili hii kukiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu ni akida wa Kirumi, anayemwona akikata roho. Hakukatazwa kusema.

Sasa tuje kwetu. Wazee wetu wa mwambao walianza kulisikia jina la Yesu katika miaka ya 1879 na 1880, pale Wamisionari wa London walipokaa Mtowa, karibu na Kalemie ya leo, na Mapadri Weupe walipoanza kushuka upande huu wa ziwa. Huo ulikuwa wakati wa misafara ya watumwa. Wengi wa wanafunzi wa kwanza wa mapadri walikuwa watoto walionunuliwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara. Kwa mtoto aliyetolewa kwenye minyororo, kuambiwa kwamba yuko Mwana wa Mungu aliyeitoa nafsi yake iwe fidia ya wengi hakukuwa fumbo la vitabuni.

Lakini historia hiyohiyo ina upande mwingine, nao hatuna haki ya kuuficha. Kituo cha Mpala, ambacho Mapadri Weupe walikabidhiwa mwaka 1885, kilikuwa ngome ya Luteni Émile Storms wa Ubelgiji. Mwaka uliotangulia watu wa Storms walimuua mtemi Lusinga na kumkata kichwa, na fuvu lake likachukuliwa Ubelgiji. Baadaye ulinzi wa misheni ulishikwa na Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyewapiga vita wafanyabiashara ya watumwa kwa bunduki, akaoa huku na kufia huku mwaka 1927. Wanakijiji waliona msalaba umesimama ndani ya boma la silaha. Je, walikosea waliodhani Yesu ni mtemi wa Wazungu, mwenye nguvu kuliko watemi wengine? Waliona walichoonyeshwa.

Hata hivyo, katika mazingira hayohayo alitokea kijana wa nchi ya Marungu, Stefano Kaoze. Alisoma Mpala, na tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, ambayo leo ni Moba, akapewa upadre, Mkongomani wa kwanza wa zama hizi kuupata. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1910 na 1911, maandishi yake kuhusu nafsi na fikra za Wabantu yalikuwa yamechapishwa. Kaoze hakukubali kwamba kumjua Yesu kunataka mtu asahau watu wake ni nani. Kwangu huo ni ushuhuda wa mwanafunzi aliyeguswa mara ya pili, akaweza kumtenga Yesu na ngome aliyoletewa ndani yake.

Kwa upande wa Waprotestanti, wamisionari Burton na Salter walifika Mwanza, katika nchi ya Baluba, mwaka 1915. Wanaosimulia uamsho wa mwaka 1920 hawasahau kwamba ulichochewa na Baluba waliokuwa wamechukuliwa utumwani Angola. Walimwamini Yesu hukohuko, kisha wakarudi kwao wakiwa huru. Hivyo sehemu ya nchi hii ilimpokea Yesu kwa vinywa vya ndugu zake yenyewe, waliokuwa wamelia na kumwomba wakiwa mali ya watu wengine.

Jibu lililopotoka kuliko yote lilikuja mwaka 1925. Tomo Nyirenda, kijana wa Nyasaland aliyesoma shule ya misheni, alijiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, akapita katika nchi ya Walala na kuvuka mpaka hadi kusini mwa Katanga. Alibatiza kwa kuzamisha, na akafundisha kwamba ambaye maji hayamfuniki vizuri ni mchawi. Watu walizamishwa wakafa, wengi wao wazee, huku vijiji vikishangilia kwamba vinatakaswa. Serikali ya kikoloni ilimkamata na kumnyonga. Wanahistoria wameeleza vizuri ugumu wa miaka ile: kodi, kazi za migodini, hofu ya uchawi iliyozidi baada ya kukatazwa kwa mwavi, ile sumu ya kumpima mchawi. Nayakubali hayo yote. Lakini mwanafunzi wa Yesu anapaswa kusema la zaidi. Nyirenda alikuwa na cheo kamili, ubatizo na Biblia. Kilichokosekana ni Mwana ambaye hufa kwa ajili ya wengine. Mahali pake alikaa mwana ambaye wengine hufa kwa ajili yake.

Msidhani jambo hilo lilizikwa pamoja naye. Katika miji yetu viko vyumba vya sala ambamo nabii huingia kwa jina la Yesu na kumnyoshea kidole mtoto: huyu ndiye mchawi anayewafungia riziki. Mtoto hufukuzwa nyumbani, hunyimwa chakula, hupigwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Ni aibu kwetu kwamba Bunge limelazimika kutunga sheria juu ya jambo ambalo sura ya 9 ya Marko ingetosha kulimaliza.

Someni sura hiyo. Baba analeta mwana ambaye pepo humtupa motoni na majini tangu utoto wake. Kisa hiki kimo katika safari ileile ya kuelekea msalabani, kati ya tangazo la kwanza la mateso na la pili. Yesu hamuulizi mtoto amekula nyama ya nani. Hatafuti mwenye kosa katika ukoo. Anamuuliza baba jambo hili limempata tangu lini, anamsikiliza, anapokea imani yake iliyochanganyika na mashaka, anamfukuza pepo, na mtoto anapolala kama maiti anamshika mkono na kumwinua. Muda si mrefu baadaye, wanafunzi wanapogombania ukubwa, anamchukua mtoto mwingine, anamkumbatia katikati yao na kusema kwamba anayempokea mtoto wa namna hiyo anampokea yeye. Anayetaka kujua kama Yesu anayehubiriwa ndiye yule wa Marko, amtazame mtoto anatendewa nini ibada inapokwisha.

Wanateolojia wetu wamefanya kazi nzuri ya kumtafutia Yesu majina yanayokaa katika vinywa vya Waafrika. Bénézet Bujo wa Ituri na Charles Nyamiti wa Tanzania walimtazama kama Mhenga aliye chanzo cha uzima. François Kabasele wa Kasai aliandika juu ya Kristo Chifu. Katika Katanga, Padri Placide Tempels na wakristo wa kundi lililoitwa Jamaa, kuanzia Kolwezi mwaka 1953, walimtafuta kwa mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Baadhi ya vikundi vya Jamaa vilipotea baadaye, na katika miaka ya 1970 maaskofu wakaweka masharti makali. Lakini ile hamu ya kukutana na Yesu kama mtu anavyokutana na mtu ilikuwa ya kweli. Ninayapenda majina haya. Ila kila moja lipite mahali pa Petro: Mhenga aliyesulibiwa, Chifu anayetawadha miguu. Yesu hakulikataa jina la Kristo. Alilichukua, akalijaza kwa maisha yake mwenyewe.

Na mtihani wetu uko karibu. Tangu mwaka 2013 jimbo la Tanganyika limeona Baluba na Batwa wakiuana. Tarehe 30 Aprili 2015, kwenye kambi ya Vumilia 1 karibu na Nyunzu, Batwa wasiopungua 30 waliuawa kwa mapanga, mishale na mashoka, katika jimbo lililojaa makanisa. Kabla ya vita hivyo, Mutwa alikuwa amezoea kulimishwa mashamba ya wengine kwa ujira wa aibu, na hata kanisani kuketi nyuma. Yakobo na Yohana walipoomba viti vyao, Yesu aliwaambia kwamba wakubwa wa mataifa huwakandamiza watu, lakini kati ya wanafunzi wake isiwe hivyo. Parokia ambayo Mutwa hawezi kuwa mzee wa kanisa, wala kula sahani moja na Muluba, bado inaona watu kama miti.

Katika sehemu ya tatu tutasimama pamoja na yule akida chini ya msalaba. Kabla ya hapo, ndugu msomaji, soma Marko sura ya 8 hadi ya 10 kwa mfululizo, ikiwezekana nyumbani, kwa sauti, watoto wakiwepo. Na kama mtaani kwenu yuko mtoto anayeitwa mchawi, usingoje sehemu ya tatu. Nenda ukamchukue.