Nyumba ya zamani ya Bel-Air: ona barua mbele ya kutoa feza

Wazazi, nanyi vijana munaotazamia ndoa, nyumba ya zamani ya Bel-Air inavuta moyo: matofali ya nguvu, mwembe ndani ya parseli, kanisa na masomo munafika kwa miguu. Lakini musitoe feza haraka.

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Leta. Kinachoonyesha haki ya mtu ni sertifika ya konservateri. Nenda wewe mwenyewe kwenye biro yake, uulize: jina ni la muuzaji? Hakuna deni la banki? Sertifika isiyofikisha miaka 2 inaweza bado kupingwa tribinali.

Na kama jina ni la baba aliyekufa? Kijana mmoja hawezi kuuzisha peke yake. Watoto wote ni wariti, na Sheria ya Jamaa ya 1987 inamlinda mjane aliyekaa humo na mume wake. Mama akitupwa inje kwa sababu ya feza yako, umenunua machozi yake.

Nabii Yeremia alinunua shamba kwa shekeli 17. Alitia sahihi mbele ya mashahidi, na barua ikachungwa ndani ya chungu (Yer. 32). Fanyeni vile. Hata malata yakivuja, mutalala na amani.