Maua Pia Iko na Mgongo

Mvua ikishatwanga Kanairo, mbogi ya Ngong Hills na Karura huanza kumwaga mapicha za maua, na swali huwa ni ile moja: "Hii ni nini?" Picha yenyewe sasa, petali zimejaa skrini, huko nyuma kote ni ukungu. Ni moto, lakini haina rada. Msee wa mimea atakuuliza majani iko wapi.

Shida ni rangi, juu rangi huchocha. Vimaua vya njano vya familia ya alizeti viko mob huko milimani, na ukivipiga kutoka juu vyote vinafanana. Kenye huvitofautisha iko mgongoni na chini: vijani vyenye vimeshikilia ua, majani ka zinaangaliana mbili mbili ama zinapishana, shina ka iko na manyoya.

Kwa hivyo piga sura, piga side, piga mgongo. Geuza jani upige chini yake. Halafu rudi hatua kadhaa upige mmea mzima na penye imesimama. Weka koini ya mbao kando ndio saizi ionekane. Jua ikiwa kali, izibie na mwili, juu ikimulika direct hufuta mistari kwa petali nyeupe.

Cheki venye kupiga mmea mzima husaidia. Kwa nyasi za Nairobi National Park, udongo mweusi ukiloa, utaona vitu nyeupe zimetapakaa ni ka kuna mtu ameangusha tishu. Hiyo ni Cycnium tubulosum. Picha ya karibu itakupea petali tano na basi. Ya mbali ndio hukushow mbona imesimama hapo: mizizi yake hunyonya mizizi ya nyasi, hata ka iko na majani yake ya kujitegemea.

Gloriosa superba nayo unaijua na petali nyekundu na njano zenye zimekunjwa kurudi nyuma. Lakini usiachie hapo. Piga ncha ya jani, yenye hujizungusha kwa chochote ndio ipande. Na usionje kitu, mmea wote ni sumu, kiazi ndio noma zaidi.

Kuna kitu simu haiwezi shika: harufu. Huko makavuni kuna Edithcolea grandis, ua kubwa ya njano yenye madoa ya damu ya mzee, na inanuka mzoga ndio iite nzi. Ukiinusa, andika. Andika pia tarehe na mahali, hata mchanga ni wa aina gani.

Sasa apu. iNaturalist na Pl@ntNet hulinganisha picha yako na zenye zilifunzwa nazo. Mmea yenye imepigwa mara mob huko Ulaya na Marekani zinaijua fiti. Ile ya kilima kimoja Taita zinaweza kukuuzia jina ya binamu yake wa mbali. Zikikutemea jina, uliza kwanza: hii hupatikana Kenya kweli? Ka huna uhakika, weka ya jenasi pekee, uachie wanaojua spishi. Halafu kuna kitabu ya Agnew ya maua za nyanda za juu za Kenya, ilitoka mara ya kwanza 1974. Na pale Museum Hill kuna East African Herbarium, penye mimea iliyokaushwa imehifadhiwa. Mengi kwa mabingwa wa mimea huanzia penye wewe hukupiga: mgongo, jani, shina.

La mwisho, na hapa usicheze. Okidi na mimea za kunona majani huibiwa na wasee wa kuuza. iNaturalist huficha location ya spishi yenye inajua iko hatarini, lakini maua yako bado haina jina, so itajuaje? Ka ni kitu hujawai ona, ficha pini wewe mwenyewe kwa settings. Jina ikishashika ndio uamue ka uifungue.