Deni la kazi aliloliacha Peter Christopherson

MTU anapofariki dunia huacha madeni. Yapo ya fedha, ambayo warithi huyalipa. Yapo pia ya kazi iliyoanzwa isimalizwe, na haya hayana hati wala mdai, ila dhamiri ya wale walioachwa nyuma. Deni la namna hiyo liliwaangukia Chris Carter na Cosey Fanni Tutti wa Uingereza tarehe 25 Novemba, 2010, mwenzao Peter Christopherson alipofariki usingizini mjini Bangkok, akiwa na umri wa miaka 55.

Watatu hao, pamoja na Genesis P-Orridge, waliunda kikundi cha Throbbing Gristle mwaka 1975. Muziki wao haukuwa wa kuchezea dansi. Walinasa sauti katika kanda, wakazikata, wakazirudia na kuzigeuza kwa mitambo ya umeme, hata kelele zikawa sehemu ya wimbo. Kikundi kilivunjika mwaka 1981, kikaungana tena mwaka 2004.

Christopherson alitamani kuitengeneza upya Desertshore, santuri ya mwaka 1970 ya Nico, mwimbaji wa Kijerumani aliyeimba huku akipiga harmoniam. Nico naye alikuwa amekwisha fariki, mwaka 1988. Mwezi Juni, 2007, kikundi kilirekodi nyimbo hizo mjini London mbele ya watazamaji. Baadaye Christopherson aliona afadhali waalikwe waimbaji wengine. Kabla hilo halijatimia, P-Orridge alijitoa kikundini Oktoba, 2010, katikati ya ziara ya maonyesho. Wiki chache baadaye mauti yakamchukua mwenye wazo lenyewe.

Carter na Cosey, ambao pia ni wenzi wa maisha, wangeweza kuufunga ukurasa huo, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walifuata matakwa ya marehemu. Wakawakaribisha Marc Almond, mwimbaji ajulikanaye leo kwa jina la Anohni, na Blixa Bargeld, aliyeimba zile za Kijerumani. Wimbo mmoja, ambao zamani Nico alimwachia mwanawe mdogo auimbe, ulitolewa na Gaspar Noé, mtengenezaji wa filamu. Ule wa mama kwa mtoto wake wa pekee aliuimba Cosey, naye pia ni mama.

Kazi hiyo ilitoka Novemba, 2012, miaka miwili baada ya msiba. Iliambatana na sehemu ya pili, The Final Report, yenye muziki ambao watatu hao waliuanza pamoja Christopherson angali hai.

Hivyo santuri moja imewaenzi marehemu wawili. Si kila sikio litaipenda, kwani ni muziki mzito na wa huzuni. Lakini anayejua uchungu wa kuingia chumba cha marehemu na kukuta kazi yake mezani, nusu imekwisha, atafahamu ni moyo gani unaohitajika kuketi na kuimalizia.