Waya wa Boneti: Shauri kwa Wenye Volkswagen za Zamani

Mji wa Isiolo ndio mlango wa kuingilia nchi ya kaskazini ya Kenya. Kutoka hapo barabara kuu huelekea Archer's Post, Marsabit na Moyale, nayo sasa imetiwa lami. Lakini njia nyingi za kandoni ni za mchanga na changarawe, na vumbi lake hupenya kila mahali katika motokaa. Sehemu moja inayodhuriwa na vumbi hilo, ambayo wenye motokaa huisahau, ni waya wa kufungulia boneti.

Katika zile Volkswagen zenye umbo la mgongo wa kobe, jambo hili si dogo. Motokaa hizo zilisifika sana katika Afrika ya Mashariki, zikashinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Injini yake iko nyuma. Mbele, chini ya boneti, huwekwa gurudumu la akiba na tangi la petroli. Katika zile zilizoundwa kabla ya Agosti 1967, hata mdomo wa tangi umo humo ndani. Basi boneti ikikataa kufunguka, mwenye motokaa hawezi kutia petroli wala kutoa gurudumu, ijapokuwa injini yake ni nzima kabisa.

Ukivuta kishikio kilichomo ndani, waya hupita katika mrija mpaka kwenye kufuli mbele ya motokaa, ukavuta kipande cha chuma kilichoshika pini ya boneti. Pini ikiachwa, springi huinua boneti kidogo. Vumbi likiingia katika mrija na grisi ikikauka, waya huwa mzito. Dereva huvuta kwa nguvu zaidi, na nyuzi za waya hukatika mmoja mmoja, hasa mahali ulipobanwa kwa skrubu.

Kishikio kikiwa kizito, usishindane nacho. Mtu mmoja na akandamize boneti kwa mikono juu ya kufuli, na mwenziwe avute polepole. Kama kishikio kimechomoka, shika ncha ya waya kwa koleo na kuvuta sawasawa. Usiipenye boneti kwa patasi, wala usitoboe bati kwa keekee ovyo: tangi la petroli liko karibu, na cheche moja yaweza kuleta msiba. Kama waya umekatika ndani, kazi hiyo apewe fundi.

Boneti ikiisha kufunguka, toa waya wa zamani, safisha mrija, paka grisi waya mpya, kisha uupitishe na kuukaza kwa skrubu. Kabla ya kufunga boneti, mwambie mtu avute kishikio, nawe utazame kufuli. Kile kipande cha chuma lazima kisogee chote na kurudi chenyewe. Wengi waliofunga boneti bila kujaribu wamejuta.

Mafundi wenye busara hufunga pia waya wa pili kwenye kufuli, wakauficha mahali ambapo mkono waweza kuufikia kutoka nje. Waya huo ni wa bei ndogo, lakini siku ya shida waweza kumwokoa msafiri asilale njiani. Tahadhari kabla ya hatari.