Vipimo Viko Safi, Mwili Bado Unauma

Mara nyingi mgonjwa wa sonona haingii kwa daktari akasema ana huzuni. Anaingia ameshika kiuno. Anasema kichwa kinamgonga, mwili hauna nguvu, moyo unamwenda mbio, tumbo limejaa gesi. Ukifungua daftari lake unakuta safari ya miezi mingi: malaria haikuonekana, mkojo safi, damu inatosha, picha ya kifua haina tatizo. Chini yake zimepangwa dawa: parasetamoli, diklofenaki, omeprazoli ya tumbo, vitamini. Kila alikopita ameambiwa, "Mama, huna ugonjwa," na kila mara amerudi nyumbani akiumwa vilevile.

Hali hii haiko kwetu tu. Mwaka 1999 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi 14, kwenye kliniki za kawaida za miji kama Ibadan, Shanghai, Paris na Seattle. Kati ya wagonjwa 1,146 waliokutwa na sonona, asilimia 69 walikuwa wamekuja kulalamikia mwili tu. Malalamiko ya namna hiyo yalikuwa mengi zaidi pale ambapo mgonjwa hakuwa na daktari wake wa kudumu, anayemjua. Lakini walipoulizwa waziwazi kuhusu hisia zao, ni asilimia 11 tu waliokana kuwa na dalili za kihisia. Maana yake ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa hawafichi kitu. Hawajaulizwa.

Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, ni zaidi ya siku mbaya au majonzi ya msiba. Tunaitaja pale mtu anapokuwa na huzuni au anapopoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na pamoja na hayo akawa na dalili nyingine kadhaa zinazomzuia kufanya kazi na kuishi na watu. Nyingi ya dalili hizo ni za mwili.

Dalili za mwilini

Anza na usingizi. Mwenye wasiwasi hukawia kulala. Mwenye sonona anaweza kulala mapema, lakini saa tisa usiku macho yanafunguka na hayafumbiki tena. Wengi husema saa hizo za kabla ya mapambazuko ndizo nzito kuliko zote. Jua likipanda wanapata ahueni kidogo, na ukimkuta mtu wa namna hiyo jioni unaweza kusema hana neno. Wengine, hasa vijana, hulala kupita kiasi na bado huamka wamechoka.

Chakula nacho hakipandi, nguo zinaanza kupwaya. Wapo wachache wanaokula mno na kunenepa. Mwendo hupungua: mtu anavuta miguu, sauti inashuka, ukimuuliza swali jibu linakawia. Choo kinakuwa kigumu, hamu ya tendo la ndoa inaisha, na kwa wanawake hedhi inaweza kuvurugika. Uchovu wake hauponi kwa kupumzika. Kufua nguo mbili kunamchosha kama kulima shamba zima.

Kisha yapo maumivu ya kichwa, mgongo, kifua, viungo na tumbo. Maumivu haya si ya kuigiza. Ubongo una njia za neva zinazoshuka hadi kwenye uti wa mgongo na kupunguza makali ya maumivu kabla hayajafika juu. Njia hizo hutumia kemikali za serotonini na noradrenalini, ambazo zinahusika pia na hisia, usingizi na hamu ya kula. Mfumo huo ukiyumba, maumivu ambayo zamani yangepita bila kutambuliwa sasa yanamlaza mtu kitandani. Ndiyo maana kidonge cha amitriptilini, ambacho wengi wamepewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa dozi kubwa zaidi ni dawa ya sonona.

Mwili pia una mfumo wa tahadhari. Mtu akiishi kwenye shida kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huendelea kumwaga homoni ya kortisoli, na kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona homoni hiyo haishuki inavyotakiwa. Kinga ya mwili nayo imo. Wagonjwa wengi wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa sindano za interferoni, ambayo huamsha kinga, walipata sonona wakiwa katikati ya matibabu, hata wale ambao hawakuwa na historia yake.

Chanzo si kimoja

Watu wanapenda kuuliza sonona "inasababishwa na nini", wakitaka jibu moja. Zamani jibu lililopendwa lilikuwa upungufu wa serotonini. Leo tunajua kwamba maelezo hayo peke yake hayatoshi. Urithi una sehemu yake: tafiti za mapacha zinaupa takriban asilimia 37 ya tofauti kati ya watu katika uwezekano wa kuugua. Hakuna kinasaba kimoja cha sonona, na mtoto wa mgonjwa hajaandikiwa kuugua.

Sehemu kubwa inatoka katika maisha yenyewe. Mwaka 1978 watafiti George Brown na Tirril Harris walichapisha kitabu kilichotokana na mahojiano na wanawake wa Camberwell, kusini mwa London. Wengi wa waliougua walikuwa wamepatwa na pigo zito muda mfupi kabla, kama kufiwa au kuachwa. Lakini si kila aliyepigwa alianguka. Walioanguka zaidi ni wale wasio na mtu wa karibu wa kumweleza yaliyo moyoni, wenye watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14, wasio na kazi nje ya nyumba, na waliompoteza mama kabla ya kufikisha miaka 11.

Mwanamke wa namna hiyo hata Mbagala, Dar es Salaam, yupo. Ameolewa mbali na kwao, mume hatumi matumizi, mkopo wa riba kali, ule wa kausha damu, unadaiwa kila wiki, na jirani hawezi kumwambia kwa kuogopa yatasambaa. Akijifungua katika hali hiyo hatari inaongezeka. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 10 ya wajawazito na waliojifungua karibuni hupata sonona.

Magonjwa mengine nayo huileta au huiga sura yake: tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha, upungufu wa damu, kisukari, kiharusi, VVU. Zipo dawa zinazoweza kuichochea, zikiwemo za jamii ya steroidi kama prednisoloni. Pombe, ambayo wanaume wengi huikimbilia ili walale, huvunja usingizi usiku wa manane na kuzidisha huzuni kesho yake.

La kufanya

Kwa kuwa magonjwa mengine yanaweza kuiga sonona, vipimo ni vya lazima, ila vifanywe kwa mpango: wingi wa damu, sukari, VVU, na homoni ya tezi ya shingo pale dalili zinapoelekeza. Vikirudi safi, visirudiwe kila mwezi kama tambiko. Hapo ndipo yanapokuja maswali mawili ambayo hayahitaji mashine: Je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia? Akijibu ndiyo kwa mojawapo, mazungumzo yaendelee. Aulizwe pia kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akikubali kwamba analiwaza, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tiba ipo. Ya kwanza ni mazungumzo yenye mpango, na si lazima yaendeshwe na bingwa. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la wagonjwa 573 mjini Harare, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Linganisha na wanawake wa Camberwell: walichokosa ni mtu wa aina hiyo.

Kwa sonona nzito zipo dawa kama fluoksetini. Huanza kuonekana zinafanya kazi baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo anayeziacha siku ya tano akisema hazina maana hajazipa nafasi. Akipata nafuu huendelea nazo kwa miezi mingi, na haziachi mpaka ameelekezwa na daktari.

Wewe unayesoma huku mgongo ukikusumbua, huna haja ya kuingia kliniki ukijiita mgonjwa wa sonona. Taja maumivu yako kama yalivyo. Kisha, hata usipoulizwa, sema unaamka saa ngapi usiku, umeacha kufanya nini ulichokuwa ukikipenda, na ni jambo gani lilitokea nyumbani au kazini kabla maumivu hayajaanza. Daktari akikujibu tena kuwa huna ugonjwa, tafuta mwingine atakayesikiliza mpaka mwisho.