Mukono haujakufa: namna wanapima mikono ya mutu mwenye aliumia uti wa mugongo

Mimi ni agronome, siko munganga. Lakini kwetu kwenye mingazi, wakataji wanapanda juu kabisa na kamba kiunoni, na kila mutu wa kazi hiyo anajua mwenzake mwenye alianguka. Kama shingo imevunjika na ile kamba ya mishipa ya fahamu yenye kupita ndani ya uti wa mugongo imeumia, miguu na mikono vinaweza kupooza. Hapo watu wa nyumba wanasema: «Mikono imekufa.» Neno hilo halitoshi, na linaweza kuleta hasara.

Sisi wa shamba hatusemi tu «udongo ni mubaya», tunapima. Kwa mukono ni vile vile. Munganga ao kinezi anapima mambo tatu, kila mukono peke yake, juu kuume na kushoto vinaweza kuachana sana.

La kwanza ni nguvu. Mishipa inatoka shingoni kwa ngazi, na kila ngazi iko na kazi yake: C5 inakunja kiwiko, C6 inainua kifundo cha mukono, C7 inanyoosha kiwiko, C8 inakunja vidole, T1 inatenga kidole kidogo na vingine. Kila kazi inapewa pointi kutoka 0 mpaka 5. 0 ni hakuna kitu. 1, musuli unashtuka tu bila kusogeza kitu. 3, mutu anainua kiungo chake bila musaada. 5 ni nguvu ya kawaida. Mukono muzima unapata 25, yote mbili 50.

La pili ni kusikia. Wanagusa na pamba, kisha na pini: kidole gumba ni C6, kidole cha katikati C7, kidole kidogo C8. Mutu mwenye hasikii anaweza kushika sufuria ya moto na kuungua bila kujua.

La tatu ni matumizi. Kuna jaribio lenye wachunguzi wa Canada na Ulaya walitengeneza, linaitwa GRASSP. Mugonjwa anamimina maji kutoka kwenye chupa, anafungua kifuniko, anazungusha ufunguo, anaokota sarafu na kuiingiza katika tundu. Wanaangalia kama amefaulu, na pia ameshika namna gani.

Juu ya nini namna ya kushika? Jaribu wewe mwenyewe. Weka kiwiko juu ya meza, acha mukono uanguke mbele, legeza vidole: vinafunguka. Sasa inua kifundo nyuma: vidole vinajikunja vyenyewe, na gumba linakaribia kidole cha shahada. Ni kano za vidole zenye kupita juu ya kifundo njo zinavuta. Kwa hiyo mutu mwenye C6 yake inafanya kazi, hata kama vidole viko 0, anaweza kushika kijiko, kikombe chepesi, hata kalamu. Mwenye kupima vidole tu ataandika «hakuna kitu».

Na hasara iko hapa. Nilimuona mama mumoja kwetu, kila asubuhi alikuwa ananyoosha vidole vya bwana yake vyote sawa, na kifundo kimeinuliwa nyuma. Alifanya kwa mapendo. Kinezi alimukataza: ukinyoosha vyote pamoja kila siku, kano zinarefuka, na kushika kwa namna ile kunapotea. Alimuonyesha njia: wakati wa kunyoosha vidole, kunja kifundo mbele, wakati wa kuinua kifundo, acha vidole vijikunje.

Kipimo kimoja hakitoshi. Miezi ya kwanza njo nguvu inarudia zaidi, kwa hiyo wanapima tena na tena, wanalinganisha pointi.

Kama uko na mutu wa namna hiyo nyumbani, uliza maswali tatu: Kifundo kinainuka na pointi ngapi? Anasikia wapi, hasikii wapi? Anaweza kushika nini, na namna gani? Omba waandike majibu, kwa kila mukono, na uchunge karatasi hiyo. Wenye kufanya kinezi kati yetu, muongeze ao mukosoe.